Siku Injinia Alipokuja Kuhesabu Magari

Asubuhi ile Mwanamize alivaa buibui lake jipya, akajitia uturi kidogo, akatoka nyumbani akiwa na hakika kwamba kabla ya jua kutua shule yake itakuwa imepita. Shule yenyewe si kubwa. Ni madarasa manne yaliyojipanga kando ya barabara kuu ya Garsen kwenda Malindi, hapo Tarasaa, na bango refu la rangi ya buluu ambalo abiria wa mabasi hulisoma bila kutaka. Madarasa mawili mapya yalikuwa bado mitaro ya msingi tu. Watoto wa gredi ya tatu walikuwa wanamaliza mwaka, na bila madarasa hayo hawakuwa na pa kwenda ila kutawanyika kwenye shule za mbali. Wazazi walishaanza kuuliza, naye aliwajibu wote neno moja: "Njooni Januari."

Kilichobaki ni ripoti ya barabara. Kwenye ofisi ya barabara walishamwambia wazi kwamba shule iliyo kando ya barabara kuu haiongezi hata choo mpaka injinia aje aangalie magari yanavyoingia na kutoka, kisha aandike kama barabara itastahimili watoto zaidi. Injinia angekuja siku moja tu. Angehesabu asubuhi watoto wakiletwa, ahesabu alasiri wakichukuliwa, halafu aende zake.

Mumewe, Famau, alikuwa ametoka tangu alfajiri. Alipoulizwa aendako alicheka kile kicheko chake cha siri, akasema, "Weye tulia, Mama Ilham. Mambo ya kuhesabiwa niachie mimi." Mwanamize alikuwa na haraka ya kutafuta kiatu, hakumwuliza zaidi. Na hapo ndipo alipokosea, maana Famau akicheka vile huwa kuna jambo.

Basi Mwanamize alifika langoni akamkuta injinia ameshafika. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Janet, mfupi, amevaa koti la kung'aa na kofia ya plastiki, mkononi ana kidude cha kuhesabia kwa kubonyeza. Walisalimiana vizuri. Janet alisimama kivulini mwa bango, akasema, "Mwalimu, wewe endelea na kazi yako kama kawaida. Mimi nataka kuona siku ya kawaida tu."

"Hutaona jambo lolote, Injinia," Mwanamize akajibu kwa furaha. "Hapa kwetu ni shwari."

Hata hajafunga mdomo, honi zikaanza.

Zilianzia upande wa Garsen. Kwanza bodaboda moja, kisha tano, kisha rundo zima lililojaa upana wa barabara, taa zimewashwa mchana kweupe, na vitambaa vimefungwa kwenye vioo. Nyuma yao tuktuk. Nyuma ya tuktuk lori la maembe lenye vijana juu wakiimba. Na juu ya lori, kipaza sauti mkononi, fulana ya shule imembana tumbo, alikuwa amesimama Famau mwenyewe.

"Shule yetu! Shule yetu!" Famau akapaza. "Injinia, hesabu! Hesabu hao! Na wengine wanakuja kutoka Minjila!"

Lo! Mwanamize alielewa yote mara moja. Mumewe ndiye anayekusanya misafara kila wakati wa kampeni, na katika maisha yake yote hajawahi kumwona mtu mkubwa akija kuhesabu ila alitaka kuona wengi. Wagombea wanahesabu watu. Wafadhili wanahesabu watu. Kwa Famau, injinia anayehesabu magari naye alikuwa anataka kuona magari, na magari akaletewa.

Bodaboda zilifika langoni zikazunguka, zikapiga honi, zikaegeshwa ovyo pande zote mbili. Lori likasimama katikati kwa sababu halikuwa na pa kugeuzia. Wakati huohuo watoto wa kweli walikuwa wanafika, wengine kwa miguu, wengine wamepakiwa watatu watatu nyuma ya pikipiki, wanajipenyeza kati ya magurudumu na mikoba yao mgongoni. Ng'ombe wa wafugaji wa Kiorma waliokuwa wakipelekwa mtoni wakakuta njia imezibwa, wakapanda lami. Na kutoka upande wa Malindi likaja basi.

Breki za basi zilisikika mpaka sokoni. Lilisimama huku limepinda, pua yake karibu na bango, na mtoto mmoja wa chekechea amesimama mbele yake kiatu kimoja kimemtoka, hajui kama alie au akiokote kile kiatu. Mwanamize alimfikia kabla ya mtu yeyote. Alimnyanyua, akambana kifuani, na moyo wake ulikuwa unapiga kwa nguvu hata mtoto akauliza, "Tichaa, unakimbia?"

Dereva wa basi alishuka akatukana. Mwenye ng'ombe akatukana. Famau, juu ya lori, akaona uso wa mkewe na kipaza sauti kikashuka polepole.

Janet hakutukana. Alikuwa anabonyeza kile kidude chake, akabonyeza mpaka akachoka.

*

"Naandika nilichokiona," Janet akasema baadaye, wakiwa wamekaa kwenye benchi la ofisi. "Kama shule ndogo hivi inaleta vurugu hii, ukiongeza madarasa je?"

"Wale si wazazi." Uso wa Mwanamize ulikuwa unamwaka moto. "Ni mume wangu aliwaita. Alidhani unafurahia magari mengi."

Janet alimtazama, akamtazama Famau aliyesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu, na midomo yake ikacheza. Alijikaza asicheke.

"Injinia, nisamehe mimi," Famau akasema. "Wote nawarudisha sasa hivi."

"Baba, warudishe au uwaache, kwangu ni mamoja. Wale wa kuigiza nitawatoa kwenye hesabu. Lakini yule mtoto mbele ya basi hakuwa wa kuigiza." Janet aligeuka kwa Mwanamize na sauti yake ikawa ya upole, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ukali. "Mwalimu, lango lako linatema watoto kwenye barabara kuu. Hata kungekuwa na pikipiki moja tu leo, nisingeweza kukupitisha. Hivi huna njia nyingine ya kuingilia?"

Mwanamize akageuza macho kwenye dirisha la nyuma. Njia ilikuwapo. Nyuma ya shule, ng'ambo ya uzio, ulipita ujia wa mashambani ambao unarudi mpaka katikati ya Tarasaa bila kugusa lami hata kidogo. Watoto wengi wanakaa huko huko. Lakini kati ya uzio na ujia kulikuwa na kipande cha ardhi kilichomezwa na mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa Tana nzima, umefumana hata mbuzi haingii. Na kipande hicho kilikuwa cha Mzee Buya.

"Watoto wanatoka saa ngapi?" Janet akauliza.

"Alasiri. Saa tisa."

"Mimi nitakuwapo saa tisa. Nitahesabu nitakachokikuta."

Alisema hivyo tu, akaenda kukaa ndani ya gari lake. Famau na mkewe wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wakawa na wazo moja.

"Nimeharibu mimi, acha niende kwa Buya mimi," Famau akasema.

"Buya hana neno nawe. Ana neno nami."

"Neno gani?"

Mwanamize alikuwa ameshavua buibui lake jipya na kujifunga leso kiunoni.

*

Mzee Buya alikuwa uani kwake anachagua maembe, mazuri kwenye kreti, mabovu pembeni. Mkulima wa Kipokomo, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Mwanamize alipiga hodi, akaitikiwa. Aliingia, akasalimia kwa adabu, akaitikiwa tena. Lakini hakuambiwa kaa. Viti viwili vilikuwapo palepale, na Buya aliendelea kuchagua maembe yake, na mwalimu mzima akasimama juani.

Alijieleza. Alieleza kuhusu madarasa, injinia, basi, mtoto. Aliomba kipande kile cha mathenge, upana wa gari moja tu, watoto wapite.

"Nimesikia honi," Buya akasema. "Nikafikiri kuna mheshimiwa amekuja."

"Ni Baba Ilham."

"Ehe. Najua." Akageuza embe, akalinusa. "Wewe mwalimu, kwako mtoto akija kuingia shule unamfanyia intavyuu. Si ndiyo?"

Mwanamize alijua neno hilo litakuja, na bado lilimchoma. "Ndiyo, mzee."

"Basi leo wewe unataka kuingia kwangu. Mimi nakufanyia intavyuu. Swali moja tu. Mjukuu wangu anaitwa nani?"

Kimya. Mwanamize alimkumbuka mtoto vizuri sana: msichana mdogo, gauni la njano, nywele zimesukwa upya kwa ajili ya siku ile. Alikumbuka meza, na wazazi wengine waliokuwa wanasubiri mlangoni wakisikia kila kitu. Alikumbuka alivyomwuliza maswali kwa Kiingereza, na mtoto akamtazama babu yake, na babu akatazama chini. Alikumbuka hata maneno yake mwenyewe: huyu bado, mpelekeni kwingine kwanza achangamke. Jina halikuja.

"Silijui, mzee."

"Ulimwuliza jina kwa Kizungu, akanyamaza, wewe ukasema hajui kitu. Mimi nimekuuliza kwa Kiswahili chako, cha kwenu kule Kipini, na wewe umenyamaza. Niseme nini?"

Haki ya Mungu, kama ardhi ingepasuka Mwanamize angeingia. Machozi yalimjia akayaacha yatoke. "Sema lolote utakalo, mzee. Nilikosa. Nilikutia aibu mbele ya watu, na mtoto nikamtia aibu. Tangu siku ile kila nikikuona sokoni napita upande mwingine. Si kwa ajili ya njia nasema hivi. Hata ukininyima njia, nimekuja nimesema."

Buya aliweka embe chini. Akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa, mwalimu. Utaanguka hapa watu waseme mimi nimekupiga."

Akakaa. Buya akaita ndani, msichana akatoka, mdomo umejaa maji ya embe mpaka kidevuni. "Huyu anaitwa Swaleha," babu akasema. "Sasa sikia. Njia siuzi. Njia nakupa, na karatasi naweka sahihi. Lakini mtoto atakayepita kwenye ardhi yangu kuja kwako haulizwi Kizungu mlangoni. Kizungu mtamfundisha ndani. Kwani shule kazi yake nini?"

Mwanamize alifikiria wazazi wa shule wanaotoka Garsen, wale wa magari, wanaopenda kusikia kwamba shule huchuja watoto. Watanung'unika. Wengine wataondoka. Alifikiria kile kiatu kwenye lami.

"Nimekubali," akasema.

"Hujafikiri."

"Nimefikiri, mzee. Nimekubali wallahi."

Buya akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mapanga mawili na shoka. "Basi tunakaa hapa kufanya nini? Saa tisa si kesho!"

*

Famau alikuwa bado anawatuliza watu wa bodaboda waliokuwa wakidai pilau waliyoahidiwa, maana hakuna msafara bila pilau, na sufuria zilikuwa jikoni mwa shule zinatokota tangu asubuhi. Alipomwona mkewe anakuja mbio na panga, Mzee Buya nyuma yake na shoka begani, alirudi hatua mbili.

"Mama Ilham, nimeshasema nimekosa!"

"Shika panga, mume wangu! Tumepewa njia! Tumepewa!"

Famau hakuuliza swali. Kipaza sauti kilirudi mdomoni, na safari hii kilikuwa na kazi ya maana. "Vijana! Msiondoke! Kuna mathenge nyuma ya shule, nayo yanaondoka leo kabla ya saa tisa!"

Jamal, mwenyekiti wa bodaboda, kijana wa Garsen mwenye miwani ya jua, akainua mkono kukataa. "Buda, zii. Sisi tuliitwa kuja kuonekana, hatukuitwa kulima."

"Basi onekaneni na mapanga! Pilau iko, lakini inapakuliwa ng'ambo ya mathenge!"

Watu wakacheka. Jamal naye akacheka, akavua miwani akaitia mfukoni. Akawageukia wenzake. "Nyinyi, ile miba inatutoboa tairi kila siku. Si leo tulipize!"

Wee, ilikuwa kazi! Mapanga yalitoka majumbani, mashoka yakatoka kwa wachoma makaa, mtu akaleta sururu, mwingine mnyororo. Walioingia mbele walikata, wa nyuma walivuta, na lori la maembe likafungwa mnyororo likang'oa visiki huku vijana wakilishangilia. Mathenge haikatiki kirahisi. Inarudisha matawi usoni, inachana mashati, na mwiba wake ukiingia kidoleni unauma mpaka bega. Jamal alitobolewa kiganja, akatukana kwa lugha tatu, akarudi kukata. Kina mama wauza mahamri walileta maji. Wafugaji wa asubuhi, ng'ombe wao wameshakunywa, wakasimama kutazama, kisha wawili wakaingia na visu vyao virefu bila kuitwa.

Mwanamize alikuwa katikati yao, leso imechanika, mikono ina damu, na alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu siku aliyopaka bango lake rangi. Alimwona Famau akivuta tawi na Mzee Buya, mmoja huku mmoja huku, wanagombana jinsi ya kulivuta. Alitamani acheke na alie kwa pamoja. Ndani ya madarasa watoto walishashindwa kusoma. Walimu wenyewe walikuwa madirishani.

Mchana ulipopinduka, Janet alitoka garini. Alipita polepole kando ya uzio, mikono nyuma. Watu wakaacha kukata. Akainama, akatoa futi yake ya kupimia, akapima upana, akatikisa kichwa.

"Haitoshi?" Mwanamize akauliza, pumzi juu.

"Mimi sijasema kitu. Mimi nitahesabu saa tisa tu." Kisha akanong'ona kama anazungumza na futi yake, "Lakini ambulensi ikija hapa, itakwaruza upande ule."

"Upande ule!" Famau akanguruma kwenye kipaza sauti. "Ongezeni upande ule!"

*

Uzio wa nyuma ulikatwa wakati kengele iko mkononi mwa mwalimu. Hapakuwa na lango, palikuwa na uwazi tu, na mavumbi, na harufu ya miti mibichi. Langoni mbele, Mwanamize alifunga kufuli mwenyewe.

Kengele ikalia. Watoto wakatoka mbio, wakasimama kwa mshangao kuona mahali palipokuwa na msitu jana pana barabara leo, na watu wazima waliochafuka wamejipanga pande zote mbili wanawapigia makofi. Halafu mmoja akakimbia, na wote wakakimbia. Bodaboda za kuchukua watoto zilikuwa zimepangwa na Jamal kwenye ujia, moja moja, na ole wake aliyepiga honi. Wa kutembea walitembea. Mama mmoja wa Garsen mwenye gari alizunguka, akaingia, akatoka, akauliza kwa sauti kwa nini hawakufanya hivi zamani.

Kule mbele, kwenye lami, basi la kutoka Garsen lilipita bila kupunguza mwendo.

Janet alikuwa amesimama kwenye uwazi, kidude mkononi. Mwanamize alikuja akasimama karibu naye.

"Asubuhi nitaiandika," Janet akasema, macho yake kwa watoto. "Siwezi kuificha. Na hii pia nitaiandika. Lango la mbele lizibwe kwa matofali, lisifunguliwe tena. Hutakuwa na mlango barabarani. Wageni hawatauona."

"Naziba kesho."

"Na sahihi ya mwenye ardhi."

"Ipo," Buya akajibu kutoka nyuma.

"Basi madarasa yako mawili nayapitisha, Mwalimu. Jenga."

Famau alisikia, na mtu mzima yule akarusha kipaza sauti juu, akasahau kukidaka. Kelele zikalipuka ujia mzima. Mwanamize alishika mkono wa Janet, akaushika kwa mikono yake miwili yenye damu na vumbi. Alicheka tu, machozi yanamtiririka, na Janet naye safari hii hakujikaza.

Mkondo wa watoto ulikuwa umepungua. Ndipo mmoja akaonekana anakuja kinyume na wenzake, kutoka upande wa mashamba, amevaa gauni la njano ambalo sasa limemfika juu ya magoti, ameoshwa uso, anatembea katikati ya njia huku wakubwa wakimpisha. Alifika kwenye uwazi akasimama. Mwanamize alipiga magoti mavumbini ili macho yao yalingane.

"Karibu, Swaleha," akasema.

Mtoto alimtazama babu yake. Babu hakutazama chini.

"Shikamoo," Swaleha akasema, akapita ndani.

Janet alikuwa ameinua kidole juu ya kidude, hajabonyeza. "Mwalimu, huyu nimhesabu wapi? Watoto wenu si wote wametoka?"

"Huyu anaingia, Injinia," Mwanamize akasema, bado amepiga magoti. "Mwandike anaingia."